Kitenge na mistari, dera na kanga, kitenge na kitenge: uchague mchanganyiko upi kwa nguo za kila siku?

Sketi ya kitenge ikishatoka kwa fundi, wengi wetu tunaivaa na blauzi nyeusi wiki hii, blauzi nyeupe wiki ijayo, basi. Kabatini kuna mashati ya mistari, madera ya maua, doti za kanga na mitandio ya kila namna, lakini hakuna kinachoruhusiwa kukutana na kitenge kwa sababu tumekuzwa na kauli kwamba maua hayavaliwi na maua. Kauli hiyo inatunyima nusu ya kabati. Mama zetu wamevaa maua kwa maua miaka yote na wakapendeza. Kazi iliyopo ni kujua yapi yanaelewana, yapi yanagombana, na ya kuvaliwa wapi.

Nitalinganisha michanganyiko ambayo vitambaa vyake unavipata Kariakoo, Darajani, Mtaa wa Biashara kule Mombasa, au kwenye mtumba wa jirani na kwako. Niseme msimamo wangu mapema ili mwenye haraka asisubiri: anayeanza, na anayevaa kwenda kazini, achukue kitenge na mistari. Wa nyumbani na mtaani, dera na kanga haina mpinzani. Kitenge kwa kitenge ndiyo inayopendeza kuliko zote ikikubali, na ndiyo inayoharibika vibaya kuliko zote ikikataa, kwa hiyo inataka uvumilivu na fundi anayesikiliza.

Jicho linavyohukumu

Nguo mbili za maua hugombana pale michoro yake inapokuwa na ukubwa mmoja na rangi zake zina nguvu moja. Chukua kitenge chenye maduara mapana kama kiganja, ukivalie na blauzi yenye mawaridi ya upana huo huo. Kila kimoja ni kizuri peke yake, lakini vikikutana jicho linakosa pa kutua, na anayekuona anaona nguo kabla hajakuona wewe. Sasa badilisha blauzi iwe ya vidoti vidogo, visivyofika hata nusu sentimita. Mtu akiwa upande wa pili wa barabara, vidoti vile vinaungana na kuonekana rangi moja iliyochangamka. Akisogea ndipo anapogundua kuwa kumbe kuna urembo. Hiyo ndiyo siri ya mchanganyiko mwingi unaokubali: mchoro mmoja mkubwa, mwingine mdogo kiasi cha kupotea kwa mbali.

La pili ni rangi. Nguo zote mbili ziwe na walau rangi moja ya pamoja. Si lazima ilingane kabisa. Bluu iliyokolea na bluu iliyopauka kidogo hukaa pamoja vizuri. Inayosumbua ni nyeupe pe ikikaribiana na krimu, maana krimu huonekana kama nyeupe isiyofuliwa. Vitenge vingi vina krimu mahali unapodhani pana nyeupe, kwa hiyo kitoe nje kwenye mwanga wa jua ukitazame kabla ya kukitafutia blauzi.

Na kabla ya kulipa, zitandaze nguo mbili zikigusana, rudi nyuma hatua chache, ufinye macho. Au zipige picha kwa simu na uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona kijivu kile kile kila mahali, huwezi kusema moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, ziache. Ukiona moja nyepesi na nyingine nzito, chukua.

Kitenge na mistari

Mistari inashinda kwa sababu haina hadithi yake. Kitenge kina ndege, feni, majani, maduara, vyote vimepinda na kuzunguka. Mistari imenyooka, haishindani na chochote, inakaa nyuma na kukipa kitenge nafasi ya kuongea.

Ukitaka kuchagua rangi ya mistari bila kubahatisha, soma kitenge chenyewe. Waksi, yaani aina ya kitenge, ilitokana na viwanda vya Uholanzi kuiga batiki za Java katika karne ya 19, na kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mwaka 1846 mjini Helmond, ipo mpaka leo. Katika waksi ya kweli kitambaa hupakwa gundi ya utomvu pande zote mbili, kisha huchovywa kwenye rangi. Utomvu unapopasuka, rangi hupenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba, mara nyingi ya bluu iliyokolea. Vitenge vya bei nafuu huchapwa mishipa hiyo kwa mashine, ila na vyenyewe vinayo. Angalia kwa karibu utaiona. Rangi ya mishipa hiyo ndiyo imeshika kitambaa kizima, na shati lenye mistari ya rangi hiyo karibu kila mara hukubali, hata kama rangi zinazopiga kelele kwenye kitenge ni chungwa na kijani.

Chukua mfano. Sketi ya kitenge iliyofika katikati ya muundi, ina maduara makubwa ya manjano ya haradali juu ya bluu. Juu, shati la kiume la mtumba, jeupe, lenye mistari myembamba ya bluu, mikono imekunjwa hadi kwenye kiwiko, limechomekwa vizuri. Kiunoni mkanda mwembamba wa ngozi ya kahawia, na viatu vya rangi hiyo hiyo. Mwalimu anaingia nayo darasani, karani anakaa nayo dirishani, na jioni anapitia nayo sokoni bila kuonekana amevaa kupita kiasi. Mkanda hapo una kazi kubwa: unaweka mpaka. Shati likiachwa nje likaning'inia juu ya maduara, mavazi yote yanalegea na ule mpangilio unapotea.

Mistari isiyofaa ni ile minene ya nyeusi na nyeupe, hasa kwa kitenge cha rangi nyingi na michoro midogo. Hiyo inapiga kelele kuliko kitenge chenyewe.

Kikoi nacho ni mistari, ila chenyewe kinafumwa. Rangi iko kwenye uzi, hivyo pande zote mbili zinafanana. Vingi vina uwanja mpana wa rangi moja katikati na mistari pembeni, jambo linalokifanya kiwe mshirika mpole wa kitenge. Kaptula ya kikoi na shati la kitenge la mikono mifupi ni mavazi mazuri ya mwanamume siku ya Jumapili. Kwa ofisini sikishauri, kwa sababu kikoi bado kinabeba harufu ya mapumziko.

Drafti

Hapa nitapita haraka. Drafti ni ngumu kuliko mistari kwa sababu mistari yake inakwenda pande mbili na mara nyingi ina rangi tatu au nne zake yenyewe. Vidrafti vidogo vya rangi moja na nyeupe vinakubali na kitenge kikubwa. Shati la drafti kubwa jekundu na jeusi halikubali, livae na jinzi.

Ila drafti kwa drafti ni jambo jingine, na walimu wake tunapishana nao barabarani kila siku. Mtazame Mmasai aliyevaa lubega: shuka moja la drafti nyekundu na nyeusi limefungwa bega hili, jingine la mistari nyekundu na bluu limefungwa bega lile, pengine na la tatu la kujitanda asubuhi yenye baridi. Michoro mitatu tofauti, na wala hakuna kinachogongana, kwa sababu nyekundu imezishika zote na upana wa miraba unatofautiana. Anayetaka kujifunza kuchanganya asimpite bila kumwangalia.

Dera na kanga

Huu ndio mchanganyiko unaovaliwa kuliko wote ukanda wa pwani, ingawa wengi hawauhesabu kama mtindo. Dera la maua ndani, kanga kiunoni au mabegani, mtu anakwenda dukani, msibani, kumjulia hali jirani. Hautaki fundi, hautaki pasi, na kwa joto la Februari hakuna cha kuushinda, maana kanga ya pamba ni nyepesi na inapitisha hewa.

Kinachofanya kanga ikubali juu ya maua ni umbo lake. Kitenge kimejaa mchoro mwanzo hadi mwisho, lakini kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Pindo linafanya kazi ya fremu: maua ya dera yanafika pale yanasimama, kisha unaanza ulimwengu mwingine. Kwa hiyo ukichagua kanga ya kuvalia dera, tazama pindo kwanza. Pindo lenye rangi iliyokolea na mji wenye nafasi, kwa mfano korosho nne kwenye pembe na ua moja kati, litakaa juu ya karibu dera lolote. Mji uliojaa vichoro vidogo vidogo unataka dera la maua makubwa, au dera la rangi moja. Kisutu, ile kanga ya tangu zamani ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, iko kundi hili la pili. Inapendeza sana na dera lenye nyekundu kubwa kubwa, lakini kumbuka ina heshima yake harusini, na watu wazima wakikuona nayo sokoni wanaweza kukuuliza.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna kitambaa kingine kinalo: kanga inasema. Tangu wafanyabiashara wa Mombasa kama Kaderdina Hajee Essak, yule wa kanga za "Mali ya Abdulla", wazoeshe watu kanga zenye maneno, anayetembea nyuma yako anakusoma. Ukivaa kanga mbili za doti tofauti, moja kiunoni na nyingine mabegani, umeandika sentensi mbili, na watu wataziunganisha. Ya kiunoni ikiwa ya kumkaribisha mgeni na ya mabegani ikiwa kijembe cha jirani, ujumbe utakaofika si ule uliokusudia. Soma majina yote mawili kabla hujatoka mlangoni. Nasema hivi kwa dhati, watu wamenuniana kwa kanga.

Na hapo ndipo mpaka wa mchanganyiko huu ulipo. Nyumbani, sokoni, kwa jirani, kanga zisizo za doti moja hazina neno. Ukweni, au kwenye shughuli ya watu, vaa doti kamili. Kanga mchanganyiko mbele ya wakwe zinasomeka kama mtu aliyetoka mbio, hata kama rangi zimepatana vizuri kabisa.

Kuna wanaopenda kushonesha kanga iwe blauzi ya kuvalia sketi ya kitenge. Inakubali, na pindo likitumika kwenye ncha za mikono na shingoni linapendeza mno. Ila mwelekeze fundi mapema jina likae wapi. Usipomwambia, atakata anavyoona kitambaa kinatosha, na utakuta maneno yamesimama kichwa chini, au yamekatwa nusu begani.

Kitenge na kitenge

Njia ya kwanza ni ya nguo mbili: blauzi ya kitenge hiki, sketi ya kile. Kanuni ya ukubwa inatawala, kimoja kikubwa, kingine kidogo, na uzito wa vitambaa ulingane. Blauzi ya kitambaa laini kinachoteleza juu ya sketi ya waksi iliyokakamaa inaonekana kama nguo za watu wawili.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, na inavunja kanuni niliyoisema juu. Duka la vitenge hutundika mchoro mmoja kwa rangi kadhaa: ule ule wa majani upo wa bluu na chungwa, upo wa kijani na manjano, upo wa zambarau. Chukua mbili kati ya hizo. Michoro ina ukubwa ule ule, lakini jicho linautambua mchoro, linauona unarudi kwa rangi nyingine, na linatulia. Gauni lenye kifua cha rangi moja na sketi ya rangi ya pili, kwa mchoro ule ule, linaonekana limefikiriwa. Tatizo ni kununua. Maduka mengi ya jumla hayakati, yanauza pisi nzima ya yadi sita, na ukichukua pisi mbili umenunua kitambaa cha watu wawili. Basi nenda na mwenzako mgawane. Yadi tatu tatu za kila rangi, nanyi kila mmoja ana chake.

Njia ya tatu ni vipande. Kila fundi ana gunia la mabaki chini ya cherehani, na kitenge chako mwenyewe kinaacha mabaki ambayo ni haki yako kuyadai. Kola na mfuko wa kitenge kwenye shati la jinzi, au ncha za mikono kwenye shati la mistari, ni kuchanganya kwa kipimo kidogo kabisa. Kwa mwanaume anayeona haya kuvaa maua mwili mzima, mimi ningemwanzishia hapo. Gauni zima la viraka ni kazi nyingine: linapendeza, lakini linakula muda wa fundi na bei yake ya kushona hupanda, maana kila kiraka ni mshono.

Batiki naitaja hapa kwa sababu ni jamaa yake. Rangi za batiki za mkono zinatiririka, hazina kingo kali, kwa hiyo zinakaa nyuma ya karibu kitenge chochote kama rangi moja yenye mawimbi. Chuichui nayo, ikiwa ya madoa madogo, ihesabu kama kahawia tu.

Ukiviweka bega kwa bega

Kwa ofisi yenye masharti ya mavazi, kitenge na mistari inawashinda wenzake wote. Shati linaleta nidhamu, kitenge kinaleta furaha. Kitenge kwa kitenge huko ofisini inapita Ijumaa, au mahali ambapo bosi mwenyewe anavaa vitenge.

Kwa gharama, dera na kanga na kitenge na mistari vinakimbizana, kwa kuwa nguo zake huenda tayari unazo, na shati la mtumba halina bei. Kitenge kwa kitenge ni ghali zaidi kwa sababu ya ile pisi ya pili na fundi juu yake, labda utumie mabaki.

Kwa mwili mpana au mfupi, watu huogopa maua makubwa chini na mistari juu. Mimi nasema shughulika na mpaka tu. Mpaka ukikaa kiunoni penyewe, umbo linaonekana. Mpaka ukishuka kwenye nyonga, mchoro mkubwa unapanua.

Kwa safari, jioni ya baridi ya Arusha au basi la usiku, kitenge cha kujitanda juu ya chochote ulichovaa kinafaa kuliko kanga, kina uzito. Hapo usihangaike kulinganisha, chagua tu kilichokolea rangi kuliko nguo ya ndani.

Mtandio na kilemba

Anayejifunika kichwa ana kitambaa cha tatu, nacho kiko karibu na uso, mahali watu wanapotazama kwanza. Kama juu na chini tayari kuna maua, mtandio uwe wa rangi moja, na rangi hiyo itoke kwenye nguo iliyo mbali na uso, yaani sketi. Hivyo kichwa na sketi vinaitikiana na blauzi inashikwa katikati. Kilemba cha kitenge kile kile cha sketi kinafanya kazi hiyo hiyo vizuri zaidi, ila kwa siku ya kazi kifunge kidogo. Kilemba kikubwa kinageuza mavazi yawe ya sherehe.

Kabla ya kumpelekea fundi

Vitambaa viwili vitakavyoingia kwenye nguo moja vifuliwe kwanza, kila kimoja kwenye beseni lake, kwa maji baridi. Pamba hurudi, na vitambaa viwili havirudi kwa kipimo kimoja. Ukishona bila kufua, baada ya mfuo wa kwanza mshono unakunjamana na hakuna pasi ya kuunyoosha. Kufua kwanza pia kunakuonyesha kinachochuja: nyekundu na bluu iliyokolea zikitoa rangi kwenye beseni, usizishonee karibu na nyeupe mpaka maji yatoke safi.

Ukitaka kujua kama kitambaa ni pamba kweli, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu yanayosagika vidoleni. Polista inayeyuka na kuacha punje ngumu, nayo hairudi ikifuliwa, lakini inakaa na joto mwilini. Pamba kwa pamba ndani ya nguo moja, polista kwa polista. Ukivichanganya viwili hivyo, viwe nguo mbili tofauti, juu na chini, kila kimoja kifuliwe na kupigwa pasi kwa joto lake.